Saladi ya kabichi isiyogeuka supu

Kicheni pati ilikuwa Tabata, ya binti wa jirani, na katika mgawanyo wa kazi mimi niliangukiwa na saladi. Nikaona nimepata mteremko. Nani asiyejua kukata kabichi? Saa nne asubuhi nilikuwa nimeshamaliza vichwa vinne, karoti na mayonesi nimechanganya, beseni nimelifunika, nikaenda zangu kusuka. Saa mbili usiku lilipofunuliwa, kabichi ilikuwa inaelea. Mama mdogo aliyekuwa anapakua alizamisha upawa, akaunyanyua, akayaacha yale maji meupe yachuruzike taratibu, kisha akaniuliza mbele ya watu: "Mwanangu, hii tugawe na sahani au na vikombe?"

Jumapili iliyofuata nilikwenda kwake, nikampa shikamoo, nikakaa kwenye kigoda cha jikoni kwake na kisu mkononi. Haya ninayoyaandika ni aliyonionyesha siku ile, pamoja na niliyokuja kuyaelewa mwenyewe baadaye kwa kuharibu kabichi nyingine nyingi.

Maji yanatoka wapi

Kabichi mbichi ni maji kwa asilimia 92 hivi. Kichwa cha kilo mbili, kile kinachokaa vizuri kwenye mkono mmoja, kimebeba zaidi ya lita moja na nusu ya maji. Huyaoni kwa sababu yamefungwa ndani ya seli za majani, na ndiyo yanayoifanya kabichi ilie "kacha" ukiitafuna.

Ukikata, seli za pale kisu kilipopita zinapasuka na kuvuja kidogo. Hilo si kubwa. Kubwa ni chumvi. Maji yana tabia ya kuhama kutoka kwenye chumvi kidogo kwenda kwenye chumvi nyingi, kupitia ngozi nyembamba ya seli. Wataalamu wanaita osmosisi. Sukari nayo inavuta vilevile. Sasa fikiria mayonesi ya dukani: ina chumvi, mara nyingi ina sukari, ina siki. Ukiipaka kwenye kabichi mbichi umeweka mvuto nje ya kila jani, na maji yataanza safari muda huo huo. Baada ya saa moja utaona unyevunyevu. Baada ya saa kumi, kama mimi, utaulizwa habari za vikombe.

Kwa hiyo ama maji uyatoe wewe kabla, ama saladi iliwe kabla hayajatoka. Njia ya tatu mimi sijaiona, na nimeitafuta sana kwa sababu ni mvivu.

Hapo ndipo utakapomwelewa muuza chipsi. Wengi tumejiuliza mbona kabichi ya bandani kwake haina maji, na yeye hakamui wala hachuji. Mtazame anavyofanya. Anakata kabichi kavu, anairundika kwenye kabati la vioo bila kuitia kitu chochote. Wewe ukishasema "niwekee na kachumbari, pilipili kwa mbali", ndipo anashika kiganja kimoja, anakitupa juu ya kiepe, na chumvi na tomato sosi unamalizia mwenyewe mezani. Ikifika tumboni haijapata hata dakika kumi na chumvi. Ndiyo njia ya pili hiyo, ya kula kabla. Inafaa sana nyumbani kwa watu watatu wanne. Kwa shughuli ya watu mia haifai, maana foleni ya chakula peke yake ni saa nzima.

Na neno lenyewe saladi, ukilifuata mpaka kwenye mizizi yake ya Kilatini, linatokana na chumvi: majani yaliyotiwa chumvi. Mama mdogo hajui Kilatini, lakini alinishushia mkebe wa chumvi kabla hata hatujashika karoti.

Kuchagua kabichi

Kabichi inapenda baridi, kwa hiyo nyingi tunazokula Dar zinatoka milimani: Lushoto kwenye milima ya Usambara, Kilimanjaro, Arusha, na nyanda za juu kusini kama Mbeya na Njombe. Zinasafiri kwenye malori hadi Kariakoo, Ilala, Mabibo au Temeke, kisha zinasambaa kwenye magenge ya mitaani. Ikifika gengeni kwako imeshalala safarini na kupigwa jua, ndiyo maana mwenye genge kila asubuhi anabandua majani ya nje. Akizidi kubandua, unabaki na mpira mweupe mdogo wenye bei ya kabichi kubwa.

Kwa vile huuzwa kwa kichwa na si kwa kilo, usichague kwa macho. Shika mbili zinazolingana ukubwa, moja kila mkono, uchukue iliyo nzito. Kisha ibonyeze. Iliyofungana haibonyei, iliyo nyepesi na inayobonyea ina mapengo ya hewa ndani, na majani yake hayakatiki nyuzi ndefu. Angalia na kikonyo chini: kikiwa cheupe au kijani cha maji, imekatwa karibuni, kikiwa cheusi na kimepasuka, ina siku nyingi. Kabichi iliyopasuka kichwani iache hata kama inauzwa nusu bei, maana uchafu na wadudu wameshaingia ndani.

Zile zinazouzwa zimeshakatwa, zimefungwa kwenye mfuko pamoja na karoti, nazifahamu na ninajua zinavyookoa muda. Za kupika sina neno nazo. Za kuliwa mbichi, hapana. Hujui kisu kilitoka wapi, hujui maji yalikuwa yapi, na tangu ikatwe imekuwa ikipoteza vitamini C, ambayo ni moja ya sababu kubwa za kuila mbichi. Gramu mia za kabichi mbichi zina miligramu 36 hivi za vitamini hiyo.

Kuosha

Hatua hii usiipitie juu juu. Kipindupindu Dar tunakijua. Mlipuko mkubwa wa 2015 ulianzia hapa hapa jijini, mwezi Agosti. Chakula kinachopikwa kina moto wa kukitetea. Saladi haina.

Ondoa majani mawili matatu ya nje, ndiyo yaliyobeba vumbi na dawa za shambani. Kata kabichi mapande manne, ukate na kile kigogo cha katikati kwa mshazari, ukitupe au umpe mtoto atafune. Mimi nilikuwa nakigombania nikiwa mdogo. Weka mapande kwenye beseni la maji yenye chumvi kiasi kwa dakika kumi. Chumvi hii si ya ladha wala ya kuua vijidudu, ni ya kuwatoa viwavi na vidukari waliojificha kwenye mikunjo. Utawaona wanaelea. Usishtuke, ni bora kuwaona sasa.

Kisha suuza kila pande kwa maji yanayotiririka, na suuza ya mwisho iwe ya maji yaliyochemshwa yakapoa, au yaliyotiwa dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kasha. Yachuje maji mapande kwa kuyasimamisha ndani ya chujio, upande uliokatwa ukitazama chini, walau robo saa. Wengi wanaosha kabichi baada ya kuikata nyuzi. Hapo unajiongezea maji juu ya maji.

Kuna imani kwamba ndimu inaua kila kitu. Haiui. Inapunguza vijidudu kadhaa na inaleta ladha, basi. Kama kabichi haikuoshwa, kuikamulia ndimu kumi hakuisafishi. Osha mikono pia, na kibao kilichokatiwa kuku asubuhi kisiguswe kabisa.

Kukata

Kisu kikali. Ningeweza kuishia hapo. Kisu butu hakikati jani, kinaliponda. Seli zinapasuka kwa eneo pana na maji yanaanza kuvuja kabla chumvi haijafika. Kabla ya kuanza, kinoe, hata kama ni chini ya kikombe cha udongo pale pasipopakwa rangi.

Laza pande upande wa bapa ukigusa kibao, lisicheze. Kata kwa kukingama na mishipa ya jani, si kuifuata, kwa unene wa njiti ya kiberiti au chini yake kidogo. Ukifuata mishipa utapata nyuzi ngumu zinazokwama menoni. Ukikata nene, chumvi haiingii na mlaji anatafuna kama mbuzi. Wale wenye mkono mwepesi wanaoshika nusu kabichi hewani na kuipitishia kisu ikianguka beseni moja kwa moja, nawaheshimu, ila vidole vyangu nimeshavizoea vikiwa kumi.

Grata iache kwa ajili ya karoti. Kabichi ukiikwaruza inatoka tope, na tope halina "kacha". Mashine ya kukatia inafaa ikiwa na bapa la kukatia vipande vyembamba, blenda usiiguse.

Utasikia kabichi iliyokatwa sasa hivi ina ukali fulani puani, kama haradali kwa mbali. Si bure: ni ndugu wa haradali. Ndani ya jani kuna viambato vya salfa na kuna kimeng'enya, kila kimoja kimekaa chumba chake. Kisu kinapobomoa kuta, vinakutana na kutengeneza ule ukali. Ndiyo silaha ya mmea dhidi ya wadudu. Kadiri unavyokata nyembamba ndivyo ukali unavyotoka zaidi, na hapo tena suuza ya baada ya chumvi inasaidia kuupunguza kwa wale wasioupenda.

Chumvi na kukamua

Kwa kila kilo moja ya kabichi iliyokatwa, kijiko kimoja cha chakula cha chumvi ya kawaida, kilichosawazishwa, bila kilima. Nyunyiza, kisha ifikiche kwa mikono kwa dakika moja au mbili, kama unavyofikicha mboga ya kisamvu lakini kwa huruma. Itaanza kulegea na kung'aa. Iweke kwenye chujio, chini weka bakuli, juu weka sahani na kitu kizito kiasi, chupa ya maji inatosha.

Iache nusu saa hadi saa moja. Mara ya kwanza nilipofungua kuangalia nilidhani bomba limevuja, kumbe ni kabichi. Mama mdogo alinyanyua lile bakuli akanionyesha: "Haya ndiyo uliyowanywesha watu Tabata."

Sasa onja uzi mmoja. Utakuta una chumvi kupita kiasi, na ndivyo inavyotakiwa. Suuza kabichi yote kwa maji salama, mara mbili, halafu ikamue konzi kwa konzi. Mkamuo uwe wa kubana, si wa kusokota kama dekio, ukisokota unavunja nyuzi. Kama ni nyingi, itandaze juu ya kitambaa safi cha pamba, ukikunje, ubonyeze. Onja tena: chumvi iwe imebaki kidogo tu, na kabichi iwe laini kwa nje huku ikilia bado ukiitafuna. Rundo limepungua, ndiyo, kwa hiyo kwa shughuli nunua kichwa kimoja zaidi ya ulichokadiria.

Kitunguu nacho kinahitaji chumvi yake, na hapa watu wa pwani hawahitaji kufundishwa. Kata duara nyembamba, tia chumvi, fikicha, suuza mpaka maji yasiwe na povu. Ukali unaondoka, na mgeni anaweza kuongea na mwenzake baada ya chakula.

Ya ndimu

Hii ndiyo ninayoipenda, na ndiyo inayokwenda na pilau, mishikaki na samaki wa kukaanga. Kwa watu wanane: kabichi moja ya kati iliyokamuliwa, karoti tatu zilizokwaruzwa kwa matundu makubwa, kitunguu kimoja kilichosuuzwa, hoho moja iliyokatwa nyembamba, majani ya giligilani, ndimu mbili au tatu. Pilipili mbuzi moja, ukiitoa mbegu kama kuna watoto. Nyanya mbili tatu ukitaka, lakini toa ule uteute wa mbegu kwanza, maana nyanya ni mfuko mwingine wa maji na tumetoka mbali.

Changanya vikavu vyote. Ndimu ikamue dakika kumi na tano kabla ya kupakua, uonje, na chumvi uongeze mwishoni kama inahitajika. Mara nyingi haihitajiki. Kijiko cha mafuta ya kula juu yake kinaifanya ing'ae na kupunguza ukali wa ndimu. Siki inaweza kushika nafasi ya ndimu, ila anza na nusu ya kiasi ulichofikiria.

Kama umepata kabichi ya zambarau, changanya robo yake na nyeupe. Ndimu ikiigusa inageuka pinki ya kuvutia, kwa sababu rangi yake hubadilika kufuatana na uchachu. Ukiitia magadi itakimbilia bluu na kijani, jambo ambalo watoto watalifurahia na wageni hawatalila.

Ya mayonesi

Hii ni ya sherehe, ile ya ukumbini. Waholanzi wanaiita koolsla, yaani saladi ya kabichi, na ndilo neno ambalo Waingereza na Wamarekani walilichukua kwa jina la coleslaw.

Mayonesi ni mafuta yaliyosambaratishwa matone madogo madogo ndani ya siki au ndimu, yakizuiwa kuungana na kiini cha yai. Maji yakizidi, inalainika na kuwa maziwa. Ndiyo yale meupe ya kwenye upawa. Kwa hiyo kukamua hapa si hiari.

Kwa kabichi ya kilo moja iliyokamuliwa na karoti mbili, vijiko sita vya chakula vya mayonesi vinatosha. Nusu kijiko cha chai cha sukari, kamulio la ndimu moja, pilipili manga. Koroga sosi peke yake kwanza, ionje, kisha mimina nusu, changanya, utazame. Nyuzi ziwe zimepakwa, zisiwe zinaogelea. Zabibu kavu na vipande vya nanasi vinavyotiwa siku hizi ni mambo ya kila mtu na dini yake. Nanasi mimi nimelikataa, na sababu unaijua, ni maji.

Chumvi usiongeze. Tayari ipo kwenye kabichi na kwenye mayonesi.

Sasa joto. Hali ya hewa ya Dar, hasa Januari na Februari, ndiyo vijidudu wanayoiomba: kati ya nyuzi 5 na 60 za Selsiasi wanazaliana, na ukumbi wetu uko katikati kabisa. Saladi yenye mayonesi isikae nje ya friji zaidi ya saa mbili, na kwenye joto linalozidi nyuzi 32 saa moja inatosha. Beseni langu la Tabata lilikaa saa kumi. Kwamba hakuna aliyelazwa ni rehema za Mungu. Mayonesi ya kupiga nyumbani kwa mayai mabichi naila nyumbani kwangu. Kwa shughuli siithubutu.

Njia ya kufanya ni kugawa kazi. Usiku wa kuamkia shughuli, kata, tia chumvi, kamua, weka friji ndani ya chombo chenye mfuniko, karoti chombo chake. Umeme ukikatika, barafu mbili tatu kwenye deli la plastiki zinashikilia mpaka mchana. Mayonesi ichanganywe ukumbini, MC akishaanza kuwaita watu wa meza ya mbele, na ichanganywe kwa beseni dogo dogo, si lote mara moja.

Tumbo likijaa gesi

Watakuja watu wawili watatu kukwambia kabichi mbichi inawajaza tumbo. Wasikilize. Kabichi ina sukari ambazo utumbo mwembamba hauwezi kuzivunja, zikifika utumbo mpana bakteria wanazichachusha na gesi inatokea. Kwao weka kijiko kimoja pembeni ya sahani, si kilima, na iwe ile iliyotiwa chumvi na kusuuzwa. Wengi husema ni nyepesi kidogo. Na mgonjwa anayetumia dawa ya warfarini ya kuzuia damu kuganda asibadilishe ghafla kiasi cha kabichi anachokula kabla hajaongea na daktari wake, kwa sababu ya vitamini K iliyomo.

Iliyobaki

Yenye mayonesi iliyozunguka mezani, mwaga. Inauma, najua, lakini mwaga.

Ile ya ndimu inalala friji usiku mmoja bila shida, ingawa itakuwa laini zaidi na karibu na achari. Ile iliyokamuliwa tu, ambayo haijaguswa na sosi, ndiyo yenye baraka: siku mbili kwenye friji, na asubuhi unaikaanga na kitunguu na binzari, unapasua mayai mawili juu yake. Mama mdogo siku hizi anakamua kichwa cha ziada kila kwenye shughuli, makusudi kabisa, kwa ajili ya mayai hayo ya kesho yake.